Mkunga wa Nchi ya Milima Inayohama

Mzee Ponsiano alikifunga kitabu kwa kishindo hata mkewe Paulina, aliyekuwa akichambua maharage barazani, akauliza kama ameona nyoka.

"Amemuua mkunga," mzee akasema.

"Nani kamuua?"

"Shadya! Mzigua wangu wa Handeni. Kwanza kamkata mkono yule mchungaji kilema. Halafu kaacha mtoto wa watu aliwe na mlima. Leo mkunga! Hata sababu hakuna."

"Si hadithi tu, baba Angel?"

"Hadithi tu! Mkunga yule nilimzoea kuliko majirani zako."

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba kitabu kilikuwa kizuri. Shadya alikuwa amebuni nchi ambayo milima huhama kila kiangazi kutafuta ukungu wa kula, na watu huifuata kwa fimbo na mbinja kama ng'ombe. Tangu aanze kukisoma, Mzee Ponsiano hakuweza kuitazama Usambara kule juu ya Korogwe bila kujiuliza kama imesogea. Alikuwa amesoma vitabu vingi tangu alipojifunza herufi ukubwani, katika darasa la jioni kwenye shamba la mkonge, mikono ikimwasha kwa utomvu. Lakini akili kama hii hakuwahi kuiona. Na akili hiyo hiyo iliumba watu wa kupendeka, kisha ikawafyeka kama nyasi na kupita.

Kesho yake kitabu kilikuwa kinazinduliwa Handeni. Shadya, mwalimu kijana aliyekuwa akiazima vitabu kwake alipofundisha Korogwe, alimwomba awe msemaji wa kwanza. "Babu," alimwambia kwenye simu, "wewe ndiye msomaji wangu. Ukisema hakifai, sishiki kalamu tena." Sauti yake haikuwa ya mzaha.

Akikisifu, atasema uongo mbele za watu. Akikilaumu, atamvunja binti wa watu. Alilalamika mpaka Paulina akachoka.

"Wewe Mnyamwezi, yeye Mzigua," akasema. "Ni watani tangu enzi za babu zenu. Kwenye misiba yao unasema maneno ambayo ndugu hawathubutu. Sasa unanung'unika nini?"

Mzee akakiweka kitabu chini. Kisha akaomba khanga kuukuu.

Kule Handeni, jina lake lilipoitwa, hakupanda jukwaani. Alijifunga khanga kiunoni juu ya suti, akaketi sakafuni mbele ya meza ya vitabu, miguu kainyoosha, akaangua kilio cha msibani.

"Uwiii! Mkunga wetu! Uwiii, mtoto wetu!"

Watu wakasimama. Wazee wa Kizigua waliokaa nyuma ndio walioelewa kwanza, wakaanza kucheka, kwa maana mtani akifika msibani kazi yake ndiyo hiyo: kukaa njiani, kuzuia maiti, kudai haki yake mpaka wafiwa wasahau kulia.

"Kitabu hakitoki hapa!" akapaza sauti. "Mzigua huyu kaua watu wema, kawaacha porini kama mizoga, kafungua ukurasa mwingine! Nani aliwaosha? Nani aliwalilia? Mimi mtani, mbona sikuitwa kuchimba kaburi?"

Shadya alisimama kando ya meza, uso umekakamaa, machozi yakimlengalenga. Mzee Ponsiano akaingiwa na hofu kwamba amekosea; huenda utani wa makaburini hauendi kwenye vitabu.

Kisha Shadya akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Mnyamwezi wewe," akasema, "babu zako walibeba mizigo vichwani mpaka akili ikabonyea! Ulitaka watu wafe kwa miadi? Mimi nimeona watu wema wakifa bila sababu. Mama yangu alikuwa mwema."

Hilo mzee hakuwa amelifikiria.

"Alizikwa?" akauliza taratibu, bado yuko sakafuni.

"Alizikwa. Watani wakaniibia viatu, wakanitembeza peku. Nikacheka. Siku ile ile, babu, nikacheka."

"Basi mkunga mbona umemnyima hayo?"

Shadya akageukia meza. Alichukua kitabu, akakifungua pale mkunga alipoangukia, akasoma kimya.

"Simfufui," akasema mwishowe.

"Nani kakuomba? Mimi nataka kaburi na kelele."

"Kitabu cha pili kitaanza na matanga yake. Milima yote itasimama." Akafikiri. "Na atakuwepo mtani mmoja, mzee, kiburi kimemjaa, kavaa suti."

"Asife!"

"Tutaona."

Wazee wa nyuma wakapiga vigelegele kama wanawake. Mzee Ponsiano akainuka, akajipangusa vumbi, na sasa akapanda jukwaani. Akawaambia watu waziwazi kwamba kitabu hiki hakukipenda, kwamba mwandishi wake ni katili, na kwamba tangu azaliwe hajakutana na mtu mwingine aliyeweza kuitembeza milima.

"Kisomeni," akasema, "tukasirike wote."