Pleti Tatu za Clara

Niliiona pleti yangu ya chuma juu ya sufuria ya maharage ya Mwajabu.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la kibanda chake cha chakula, nje ya gereji ya fundi Bwanaheri, njia ya Mbegani, nasubiri kuitwa nikachukue gari langu. Mwajabu alipotaka kupakua, akaondoa kwanza kipande cha chuma kilichokuwa kinakandamiza mfuniko. Cha mraba, kinene, kina tundu katikati. Tundu lile nililitoboa mwenyewe.

"Dada, hicho chuma umekitoa wapi?"

"Kanipa Bwanaheri. Kizito kizuri, mvuke hautoki."

"Vilikuwa vitatu."

"Kimoja kinazuia mlango wangu wa uani. Hicho kingine muulize mwenyewe."

Nikaacha chapati yangu pale pale.

Nieleze pleti hizo zilikuwa za nini. Nina Landrova ya zamani. Gari za enzi zile zilitoka bila mikanda ya nyuma. Ukikaa kule unashika bomba, basi. Mwanangu Clara hawezi kushika bomba. Ana miaka tisa na viungo vyake havimtii, hata shingo inachoka kubeba kichwa. Kila Alhamisi tunatoka naye shambani, ndani ndani huko Fukayosi, tunampeleka Bagamoyo mjini kwenye mazoezi ya viungo. Mama yake, Evarista, alikuwa anampakata. Kabla ya Kwaresima mbuzi alikatiza mbele yangu, nikakanyaga breki, wote wawili wakaja mbele kama magunia. Evarista akateguka mkono. Clara akang'oka meno mawili ya mbele, na hayakuwa ya utoto.

Ndipo nikang'oa benchi moja la nyuma, nikatafuta kiti kinachotazama mbele na mkanda wa kupita begani na kiunoni. Lakini bodi ya nyuma ya gari hizi ni bati laini. Ukipitisha boliti kwenye bati peke yake, siku ya breki kali boliti inachomoka na kipande cha bati lake. Kwa hiyo unaweka pleti chini ya bati, na pleti unaiunga na chasisi, ili uzito ushikwe na chuma. Bwanaheri ndiye aliyenifundisha hayo. Yeye ndiye aliyeniambia, "Lete pleti tatu, nene, usiniletee takataka." Nikaleta. Nikamkabidhi mkononi.

Nikamkuta amesimama kando ya gari langu, anafuta mikono kwenye kaptula.

"Mtumwa wangu wa Tabora!" akasema. "Umeshiba? Njoo uone gari la balozi."

Mimi ni Mnyamwezi, yeye ni Mkwere. Tumerithi utani tangu kwa babu zetu, na mtani hakasirikiwi. Anaweza kukutukana msibani mbele ya maiti ya baba yako. Anaweza kukuvua kofia akaivaa yeye. Ukinuna, aibu ni yako. Miaka yote nimecheka na Bwanaheri, na yeye amecheka na mimi.

"Pleti zangu ziko wapi?"

"Zipo. Tazama mkanda kwanza. Vuta."

Nikapanda, nikavuta. Mkanda mpya, mweusi, umekaza. Ungemdanganya mtu yeyote. Nikashuka, nikalala chali chini ya gari. Chini kote kumepakwa rangi nyeusi, bado mbichi inanuka. Nikakwangua kwa ufunguo penye boliti ya kwanza. Chini ya rangi nikakuta puti, ule udongo laini wa kuzibia mabati, na ndani ya puti washa moja, kile kiduara cha kukalia nati, ndogo kama kifungo cha shati. Nikakwangua ya pili. Hivyo hivyo. Ya tatu sikuikwangua. Niliiona pleti ya tatu kutoka pale nilipolala: ilikuwa chini ya jeki, imeshikilia gari la mtu mwingine.

Nikatoka na vumbi mgongoni.

"Umeweka puti, Bwanaheri."

"Puti na washa. Gesi ya kuchomelea iliisha, na wewe ulilitaka gari leo. Inatosha hiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Babu yako alibeba pembe ya ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo kwa miguu, hakufungwa mkanda. Leo mjukuu wake anaogopa gari lenye kiti!"

Watu wakacheka. Husseni, anayeziba pancha hapo pembeni, akapiga tairi kwa nyundo kwa furaha. Na mimi mdomo ukataka kwenda kwenye kicheko, kwa mazoea tu. Nikauzuia.

"Babu yangu alikuwa na mikono," nikasema. "Panda nyuma."

"Nipande niende wapi?"

"Panda. Ufunge mkanda wako. Au unaogopa, Mkwere?"

Mtani hakatai kitu kama hicho mbele ya watu. Akapanda, akajifunga, akawapungia kina Mwajabu kama bwana harusi. Nikawasha gari, nikaingia ile njia ya vumbi nyuma ya gereji, yenye mashimo.

"Mikono juu, Bwanaheri."

"Hii hapa!" Akaiinua, anacheka.

Nikaongeza mwendo. Kwenye shimo la kwanza nikatazama kioo: ameshika bomba, mikono yote miwili.

"Nimesema juu."

"Mtani, taratibu."

"Acha bomba. Sasa nakanyaga breki."

"Usikanyage! Wilbrodi, usikanyage!"

Hakuniita mtumwa wala Mnyamwezi. Sikuwa nimewahi kumsikia akinitaja jina langu la ubatizo. Sikukanyaga. Niliacha gari lipunguze mwendo lenyewe mpaka likasimama, nikageuka. Vidole vyake vilikuwa vimeganda kwenye bomba.

"Kumbe unajua," nikamwambia. "Wewe na mikono yako hukuuamini mkanda huo hatua mia. Mwanangu ulitaka aje nao kutoka Fukayosi."

Nikamrudisha. Kama angesema neno moja, "samahani," au hata "nimekosea," nadhani yangeishia hapo. Lakini watu walikuwa wanamtazama, jasho linamtoka, na akaona lazima awachekeshe.

"Haya, mnasumbuka bure," akasema, anashuka. "Si mama yake aendelee kumpakata? Mnyamwezi na mzigo wake, hawajaachana tangu zamani."

Sikumbuki nilivyomfikia. Nakumbuka kola yake mkononi mwangu na mgongo wake kwenye mlango wa gari.

"Rudia."

"Mtani, ni maneno tu..."

"Rudia uliyomwita mwanangu!"

Husseni akanishika kiuno. "Kaka Wilbrodi! Mtani hakasirikiwi! Utatutia aibu!"

"Basi si mtani wangu. Nasema mbele yenu wote. Kuanzia leo huyu ni fundi aliyemdanganya baba wa mtoto mgonjwa, hana jina lingine kwangu."

Kwa desturi yetu mimi ndiye niliyeharibu, na niliona nyusoni mwao kwamba wananihesabu hivyo. Mzee mmoja mteja akaguna, akageuza uso. Sikujali. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, na gari lilikuwa na puti.

Aliyetembea kwanza ni Mwajabu. Alikwenda uani, akarudi na pleti ya mlangoni. Akaenda jikoni, akaiondoa ile ya juu ya sufuria, ya moto, ameishika kwa pindo la kanga. Akazitupa zote mbili miguuni pa Bwanaheri. Moja ilimgonga kidole, akaruka.

"Ulinipa kitu cha mtoto nipikie maharage," akasema. "Mimi nimezaa, Bwanaheri. Kaazime gesi."

Akaenda kuazima. Husseni akalishusha lile gari jingine, akatoa pleti ya tatu chini ya jeki. Mimi niling'oa boliti zote na kukwangua puti mpaka nikafika kwenye bati safi. Bwanaheri aliporudi alilala upande mmoja chini ya gari na mimi upande mwingine, namshikia pleti anachomelea. Cheche ziliniangukia shingoni. Mara moja akafungua mdomo, nikajua ni utani unakuja.

"Kaza nati," nikamwambia.

Akakaza.

Tulipomaliza tukaufunga mkanda kwenye shina la mkorosho kwa mnyororo, nikaliendesha gari mbele mpaka magurudumu yakachimba mchanga. Mkorosho ulitikisika. Boliti hazikusogea hata unywele.

Alhamisi asubuhi nilimfunga Clara. Nilijaza mito pembeni ya kichwa chake, nikaondoka. Karibu na lami pana korongo ambalo kila wiki nilikuwa nalipita kwa kuomba. Gari likadunda, Clara akaenda mbele kidogo, mkanda ukamrudisha. Akacheka kwa sauti, na lile pengo lake. Nikamtazama Evarista kwenye kioo. Alikuwa amekaa kando yake, mikono yake mitupu imelala mapajani, anaigeuzageuza kama mtu asiyejua aiweke wapi.

Tulipopita njia ya Mbegani, Bwanaheri alikuwa amesimama barabarani. Kwa kawaida angetukana ukoo wangu wote mpaka tupotee kwenye kona. Safari hii alitazama kiti cha nyuma tu, amefunga mdomo.

Sikusimama.