Vidonge vya Nywele

Kwa mujibu wa majibu ya damu, homoni za tezi ya shingo zilikuwa juu mno. Daktari alisema mtu wa namna hiyo hukonda, hutetemeka, na moyo humwenda mbio. Fundi cherehani aliitazama mikono yake iliyotulia, mikono iliyotia uzi sindanoni asubuhi ile kwa jaribio la kwanza tu, akaona anasemwa mtu mwingine.

"Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Hakuna, mwanangu. Mimi na dawa ni paka na panya."

"Hata kidonge kimoja humezi?"

"Aa, kumeza nameza. Lakini hizo si dawa, ni za nywele."

Akatoa kichupa mkobani. Daktari alisoma kibandiko, akacheka.

"Kumbe mchawi ndiye huyu! Vitamini iliyomo humu huweza kukivuruga kipimo kikasema uongo. Huenda tezi yako ni nzima. Viache siku chache, turudie kupima, ndipo tujue. Na nywele zako zimejaa tele, vya nini? Kama una binti, mpe amalizie."

Fundi alikitia kichupa mkobani, akavuta zipu taratibu.

"Ni vyake, daktari. Alivinunua matibabu ya saratani yalipomnyonyoa nywele, akiamini zitaota tena. Tumemzika na kitambaa kichwani." Akainuka. "Tangu mdogo hamalizi kitu yule. Alichobakiza sahanini, nilikimalizia mimi."