Nakala Mbili za Barua ya Kuniondoa

Bwana Innocent hakunisalimu asubuhi ile. Aliigeuza kompyuta kwa mikono miwili hadi kioo chake kikanielekea, akasema, "Soma. Si unasema umejua kusoma? Soma."

Nilisoma. Ilikuwa folda ya barua pepe zilizotumwa, na kila barua iliyoonekana kwenye kioo ilikuwamo mara mbili. Mwaliko wa mkutano kwa viongozi wa Mahurunga, mara mbili. Taarifa ya pampu ya Kitaya, mara mbili. Ombi letu la mabomba, mara mbili, tena kwa dakika ile ile.

"Watu wanatucheka huko," alisema. "Wanapokea barua mbili mbili kama watoto wanaogawiwa pipi. Na anayezituma ni nani?"

"Ni mimi, Bwana Katibu."

"Ni wewe, mama."

Nilikuwa karani wa jumuiya yetu ya watumia maji kwa majaribio ya miezi mitatu, na muda huo ulikuwa unakwisha Ijumaa ile ile. Yeye ndiye aliyepaswa kumwandikia Mwenyekiti kwamba ninafaa au sifai. Nikionekana sifai, ningerudi Kitaya kulima mpunga. Kulima si aibu. Lakini nilianza kusoma nikiwa na miaka thelathini na tisa, katika darasa la watu wazima, na sikutaka kurudi nikiwa mtu aliyeambiwa kwamba alijifunza bure.

Jesca, afisa wa mradi, alikuwa dirishani na kikombe chake cha chai. "Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema. "Ngumbaru ni ngumbaru. Mkono umezoea jembe, unapiga mara mbili mbili."

Kilichoniuma ni kwamba huenda ilikuwa kweli. Wiki ya kwanza nilifundishwa kwamba ili kufungua kitu hubofywa mara mbili. Nami nikabofya kila kitu mara mbili, hata printa ikatoa karatasi maradufu, na Jesca akanipa jina la Mama Mbili-Mbili. Tangu hapo nilibofya mara moja, kisha nikaweka mkono mapajani hadi barua iondoke. Hata hivyo nilikitazama kidole changu asubuhi ile kwa mashaka.

"Bwana Katibu, mimi nabofya mara moja."

"Kompyuta inasema uongo?"

"Sijasema hivyo."

"Basi wewe na kompyuta hamwezi kukaa ofisi moja. Na kompyuta ndiyo tuliyoinunua."

Nilikwenda kuchukua daftari la barua zinazotoka. Kila barua niliyotuma niliiandika humo kwa mstari mmoja, pamoja na tarehe na jina la mpokeaji. Niliweka kidole kwenye mstari na jicho kwenye kioo, nikashuka nao taratibu. Wao walinicheka, nami niliendelea. Barua za mwezi wa kwanza zilikuwa moja moja. Za mwezi wa pili, moja moja. Mbili mbili zilianza Jumatatu ya tarehe tisa.

"Jumamosi ya tarehe saba," nilisema, "ndipo ulipoweka programu mpya ya barua pepe."

Alisimama. "Unasemaje?"

"Nasema tarehe, Bwana Katibu."

"Mimi nina shahada! Mto mmevuka, ngumbaru mmemaliza, sasa mnaona ofisi ni yenu. Keti hapo. Andika."

Ni kweli kwamba babu yangu alivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, lakini mimi nilizaliwa upande huu. Niliketi, naye akanisomea barua ya kuniondoa mimi mwenyewe kazini: kwamba Rozalia Alfredo hana uwezo, kwamba hutuma kila barua mara mbili, kwamba majaribio yake yasithibitishwe.

"Niandike 'kila barua' au 'baadhi ya barua'?" niliuliza.

"Kila barua. Zikiwamo za Mwenyekiti mwenyewe."

Niliandika. Kisha niliondoa mkono. "Barua hii ni yako, Bwana Katibu. Itume wewe. Nikiituma mimi, utasema nimeituma mara mbili."

Jesca aliguna. "Hapo amekupata."

Bwana Innocent aliinama juu ya bega langu, akabofya mara moja, kwa nguvu, ili sote tusikie. Akafungua folda. Barua ilikuwa moja.

"Umeona?" alisema. "Moja. Kusanya vitu vyako."

Kabla ya kuinuka niliisoma tena ile barua yenye jina langu. Kwa hiyo nilikuwa bado natazama kioo wakati programu ilipomaliza kuchukua barua kutoka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza barua zetu, na chini ya ile barua ikatokea nyingine kama hiyo, neno kwa neno.

"Katibu," Jesca alisema, "zimekuwa mbili."

"Nyamaza."

"Mkono wako nao umezoea jembe?"

Simu ya Bwana Innocent iliita kabla hajamjibu. Alikuwa Mama Upendo, Mwenyekiti wetu, ambaye huongea kwa simu kwa sauti kubwa kana kwamba yuko ng'ambo ya mto.

"Innocent! Barua yako nimeipata. Unasema Rozalia hunitumia kila barua mara mbili. Mimi nimezipata zote moja moja, na hii yako pia ni moja. Hizo za pili zinakwenda kwa nani?"

"Mwenyekiti, mtandao huku..."

"Sikuuliza mtandao. Nataka jibu kabla ya saa sita." Akakata.

Nilisema, "Zinatumwa moja. Zinahifadhiwa mbili. Darasani kwetu mwalimu Telma aliandika mahudhurio na kiranja naye akaandika katika kitabu kile kile. Tukaonekana darasa zima tumekuwa wawili wawili. Hapa pia kuna wawili wanaohifadhi."

Ukurasa wa mipangilio ulikuwa kwa Kiingereza, ambacho sikijui. Jesca alivuta kiti, akasoma, na sauti yake ikapungua makali. "Seva inahifadhi nakala yenyewe. Halafu hapa pana kiboksi: weka nakala ya kila barua inayotumwa. Kina alama ya vema."

"Nani aliiweka?" niliuliza.

Jesca alimtupia Katibu jicho. Kisha akaitoa alama ile. Nikamtumia barua ya majaribio, nikaweka mkono mapajani. Tukangoja hadi programu ilipochukua tena barua kutoka kwenye seva. Ilibaki moja.

"Andika," alisema Bwana Innocent, akitazama ukuta. "Barua ya leo asubuhi ipuuzwe. Karani athibitishwe. Kosa lilikuwa la kompyuta."

"Kompyuta haikujiwekea alama, Bwana Katibu. Mwenyekiti atauliza."

Alinitazama kwa chuki ambayo hakujisumbua kuificha. "Andika 'katika mipangilio niliyoiweka mimi.' Umefurahi?"

"Naandika."

Aliituma mwenyewe. Nilifungua daftari, naye akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Ile ya kwanza usiiandike."

"Ilitumwa, Bwana Katibu."

Nilingoja mpaka alipoondoa mkono. Kisha niliziandika zote mbili: ya kuniondoa katika mstari wake, na ya kunithibitisha katika mstari wake.