Ukungu Ndani ya Mtutu

Bunduki ya nne nayo ilikuwa na ukungu.

Mhanna alichomoa komeo, akauelekeza mtutu mbinguni, akachungulia kwa nyuma na jicho lake la kulia, jicho la shabaha. Hakuona michirizi inayojisokota wala mng'ao wa chuma. Aliona weupe tu, weupe mwororo wa asubuhi za mlimani alikozaliwa, ukungu ulipokuwa ukilalia mikomamanga na sauti ya baba yake ikifika kabla ya baba mwenyewe. Alikaa humo kitambo. Palikuwa pazuri, wallahi, hakutaka kutoka.

"Kutu," alisema mwishowe. "Mtutu umeliwa huu."

"Umeliwa na nani?" Naamani, muuza bunduki, aliangua kicheko. Walijuana tangu ndevu zao zikiwa nyeusi. "Nimeusugua mwenyewe mpaka mkono ukafa ganzi! Mchagua jembe si mkulima, bin Zahrani."

Shinuna, mkewe Mhanna, alikuwa amekaa kwenye baraza ya mawe na kikapu chake cha halua. "Mwache, Naamani. Bunduki zote za soko la Nizwa zina kasoro, ila yeye tu."

Haya, tuseme ukweli: mzee alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Harusi ya Hilali, kitinda mimba wao, ilikuwa jioni ile, na kwao baba wa bwana harusi ndiye anayefungua razha, mchezo wa kurusha bunduki. Huingia katikati ya safu mbili za wanaume, ngoma zikilia, akairusha bunduki juu ikapinduka, akaidaka kwa mkono mmoja. Asiyeweza hasemwi. Hupishwa tu kwa adabu akakae na wagonjwa, na adabu hiyo ndiyo inayoua. Sikukuu iliyopita Mhanna aliirusha bunduki ya marehemu baba yake, nayo ikaanguka miguuni pake, kijiji kizima kikiona. Akasema mti wa kitako umepinda, uzito umehama. Kesho yake akampa dalali aiuze, wala hakuitazama ikitoka mlangoni.

Naamani alimwangalia, akaingia ndani, akatoka na bunduki iliyoviringwa kitambaa. Mti wake ulikuwa umesuguliwa ukanywa mafuta, umevishwa mikanda ya fedha, na chuma chake kimetiwa weusi upya. Mhanna aliipokea na moyo ukamruka. Ilimkaa kiganjani kama mkono wa mtu anayemfahamu. Pete ya mkanda wa bunduki ikalia kidogo.

"Hii ndiyo," alinong'ona. Akachomoa komeo, akachungulia.

Ukungu.

"Na hii pia! Naamani, siku hizi unauza mizoga?"

Safari hii Naamani hakucheka. Alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Ndugu yangu, tumia jicho la kushoto."

Mhanna akahamisha jicho. Michirizi ikapanda ikijisokota, safi, inang'aa, mpaka kwenye kiduara cha mbingu ya buluu, na ndani ya kiduara njiwa akapita. Akarudisha jicho la kulia. Ukungu ulikuwa palepale ukimngoja.

"Ni ya baba yako hii," Naamani alisema. "Nilimkuta nayo dalali. Nimeisugua, nimeivisha fedha, basi. Haikuwa na kasoro yoyote."

Ama kweli nyani haoni kundule! Miezi yote hiyo mzee ameulaumu mti, ameulaumu uzito, hata upepo ameulaumu. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Aliona uchungu, uchungu hasa, kwamba ameitupa amana ya baba yake kwa kosa la jicho lake mwenyewe. Alitaka kuirudisha, aende nyumbani, amwambie Hilali atafute ami wa kufungua razha.

Pete ikalia tena mkononi mwake. Akamkumbuka baba akimfunga kilemba machoni, kwenye kiwanja cha mitende. "Sikiliza pete, mwanangu. Ikilia mara ya pili, fungua mkono."

Akafumba macho yote mawili. Wachuuzi wakanyamaza, maana bunduki ya razha hainunuliwi mpaka irushwe. Akairusha. Soko likaenda mbali, na mbuzi wake na wanadi wake, akabaki peke yake kwenye weupe wa mlimani, na sauti ya baba ikija. Pete ikalia. Ikalia tena. Akafungua mkono.

Haikutua mahali pake. Aliidaka vibaya, kidole kikagongwa kikatoa damu, lakini aliidaka. Watu wakapiga kelele za furaha.

"We mwanamume!" Shinuna alisimama, kikapu kikaanguka. "Unafumba macho kwa nini? Unataka unifanye mjane siku ya harusi ya mwanangu?"

"Hata nikiyafumbua, Mama Hilali, la kulia limejaa ukungu."

Shinuna akamtazama lile jicho, akamtazama tena, na mzaha wote ukamwisha.

Mhanna akaitia bunduki begani. Kisha, mbele ya soko zima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwoe, akamnyooshea mkono.

"Nishike," alisema. "Ngazi za kutokea sokoni sizioni vizuri."