Kinundu Kilichokataa Kufutwa

Mdogo wangu ndiye mpimaji wa ghuba. Mimi nashika usukani wa boti na kugombana naye. Pwani yote alikuwa ameshaichora, na sakafu ya bahari tulikuwa tumeipima mstari kwa mstari kama mtu anayepiga deki. Ilibaki kukabidhi ramani, ya kwanza yenye sahihi yake, kabla meli kubwa hazijaanza kuingia. Ndipo akaona kinundu kwenye skrini ya mashine ya kupimia kina, katikati ya njia ya meli.

Mkuu wake wa ofisi akajibu kwenye redio, "Kundi la samaki hilo. Mashine inapiga sauti chini, ikigonga samaki inadhani ni mwamba. Futa, ulete kazi."

Tukapita tena palepale. Kinundu hakipo.

"Haya, samaki wameenda zao," nikasema. Njaa ilikuwa inaniuma.

"Dada, umeyumba."

"Mimi? Nimeshika usukani wewe hujaota meno!"

"Basi shika kama enzi hizo."

Mtoto huyu ana mdomo! Nikaingia mara nyingine, sasa nikiukata ule mstari kwa upande, mawimbi yakitupiga ubavuni. Niliuma meno boti isitoke njiani hata kidogo. Kinundu kikatokea.

Lakini hata samaki hurudi, na Mkuu angesema hivyohivyo. Mdogo wangu akatoa bildi, lile fundo la risasi lenye kamba, akalipaka grisi chini. Likitua kwenye tope, tope hunasa kwenye grisi; likigonga mwamba, grisi huchubuka; samaki hawaachi alama. Akaliteremsha. Kamba ikalegea mkononi mwake upesi mno, chini palikuwa karibu. Alipolivuta, grisi ilikuwa imechubuka, na kipande cha kombe la chaza, wale wanaoganda mwambani, kimekwama humo.

Akanionyesha. Meli ingepasukia hapa.

"Mkuu," akasema redioni, "ramani itachelewa. Ni mwamba, na sifuti."

Mkuu akajibu: "Upime wote. Tutasubiri."

Meli ya kwanza ilipoingia, tulikuwa gatini katikati ya watu. Ilipokaribia pale penye mwamba ikageuka taratibu, abiria wakipunga mikono bila habari.

"Mbona inazunguka, na majini hakuna kitu?" akauliza bwana mmoja aliyesimama kando yangu.

Nikamshika mdogo wangu bega, nikapaza sauti gati zima lisikie: "Muulize huyu! Ndiye aliyeiambia ipite wapi."

Akaninong'oneza ninyamaze, namtia aibu. Sikunyamaza.