Diski ya Majoho ya Kwaya

Asubuhi Herminia aliwasha kompyuta ya duka lake la kudarizi, akatafuta michoro yake, akaikosa. Si mchoro mmoja. Diski nzima ilikuwa haipo. Alizima akawasha tena. Mashine iliamka vizuri, lakini nembo za shule, majina ya wauguzi, na ule mchoro wa majoho ya kwaya ya parokia aliouhangaikia tangu mwanzo wa mwezi, vyote vilikuwa vimeyeyuka.

"Pulo," aliita. "Hebu njoo uone."

Mumewe Crispulo alitokea jikoni na kikombe cha kahawa. Kwa jinsi alivyokuwa akitembea polepole, Herminia akajua kuna jambo.

"Jana umeifanya nini mashine yangu?"

"Sijaifanya kitu. Nimeapdeti bayosi tu."

"Bayosi ndiyo mdudu gani?"

"Ile programu ndogo iliyomo kwenye bodi. Ndiyo inayoiamsha mashine na kuvitambua vifaa vyake. Ilikuwa ya zamani, nikaweka mpya ulipokwenda kwenye rozari."

"Na mimi nilikuambia nini kuhusu mashine hii?"

"Nisiiguse mpaka majoho yaishe."

"Yameisha?"

Crispulo akanywa kahawa yake. Kisha akasema si neno, atairudisha ile bayosi ya zamani na kila kitu kitakaa sawa. Tayari alikuwa na flashi mfukoni. Nje mvua ya mji wa Iloilo, Ufilipino, ilikuwa ikipiga mabati, na taa ya dukani ilikuwa imeshapepesa mara kadhaa tangu alfajiri.

"Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo?"

"Hapo bodi inakufa," Crispulo alikiri. "Lakini haitakatika."

"Wewe ndiye unayeuwasha? Weka flashi yako chini."

Herminia akampigia simu Teodorico, kaka yake Crispulo, aliyekuwa akitengeneza kompyuta nyuma ya soko la La Paz. Hilo halikuwa jambo dogo. Ndugu hao wawili hawakuwa wakisemeshana tangu Krismasi, pale Teodorico alipochinja na kupika supu jogoo wa mapambano ambaye Crispulo alikuwa amemwachia amtunzie. Teodorico aliapa kwamba alikosea banda. Crispulo aliapa kwamba jogoo yule hata kipofu asingemkosea.

Teodorico alifika amelowa, begi la vifaa kifuani ndani ya koti la mvua. Akamsalimu Herminia, akamruka mdogo wake kwa macho, akavuta kiti.

"Shemeji, muulize huyo bwana, kitu gani kimebadilika?"

"Amesikia. Hana uziwi."

"Bayosi," Crispulo aliuambia ukuta.

"Bayosi peke yake?"

"Ndiyo nimeshasema."

Teodorico akaingia kwenye kurasa za bayosi. Kwenye orodha ya diski zinazounganishwa kwa waya, matundu yote yalisomeka matupu. Akazima umeme, akafungua ubavu wa kasha, akabadili waya wa data. Tupu. Akabadili waya wa umeme. Tupu vilevile. Akaweka kidole juu ya diski, akakiacha hapo.

"Inazunguka," alisema. "Haigongi, haikwaruzi. Lakini shemeji, sitaki kukudanganya. Kuna diski zinazozunguka vizuri huku zimeshakufa."

Padri alikuwa ameshatangaza majoho kanisani. Herminia akainama karibu na kasha, si kwa kutafuta kitu, ila asionekane uso. Kasha lile alilijua. Kazi ya kudarizi inatoa vumbi la nyuzi, na kila mwezi alikuwa akilifungua na kulisafisha kwa brashi ya rangi.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Kipi?"

"Hiki kipande kama ubani wa kutafuna, hapo chini. Cha juu nakijua, nakipiga brashi kila mwezi. Hiki hakikuwepo. Tena hakina hata vumbi."

Teodorico akamulika kwa simu. Kisha, kwa mara ya kwanza, akageuza kiti kumtazama mdogo wake.

"Umechomeka diski mpya hapa?"

Crispulo akatazama kikombe. "Ndiyo maana nikaapdeti bayosi. Ile ya zamani ilikuwa haiitambui."

"Na unaniacha nahangaika na waya saa nzima?"

"Hukuniuliza mimi. Umemuuliza shemeji yako."

"Pulo," Herminia alisema. "Ya nini hiyo diski?"

"Wewe si ndiye unayelalamika michoro inachelewa kufunguka? Nilitaka nikuhamishie humu, ukiwasha tu ushangae."

"Nimeshangaa."

Teodorico alikuwa ameshaanza kueleza, na safari hii aliwaeleza wote wawili. Kwenye bodi ile, nafasi ya chini ilipokaa diski mpya inatumia njia moja na matundu mawili ya mwisho ya waya. Ukiweka kitu kwenye nafasi hiyo, bodi inayafunga matundu yale bila kukuambia, na diski ya michoro ilikuwa kwenye mojawapo. Bayosi haikuwa na kosa. Akauchomoa waya, akauhamishia tundu la kwanza, akawasha.

Michoro yote ilikuwepo. Herminia aliufungua ule wa kwaya, akautazama kuanzia msalaba mpaka ua la mwisho, akakaa chini.

"Usianze kushona," Teodorico alimwambia. "Nakili kwanza kila kitu mahali pengine. Hiyo mpya ya mumeo itafaa."

Kunakili kulichukua muda. Herminia akaagiza batchoy, ile supu ya tambi, kutoka kwa jirani, mabakuli matatu, wakala wakiitazama skrini. Crispulo aliomba radhi kwa mkewe, na mkewe akamwambia bado ana hasira, amwache kwanza amalize kazi. Teodorico hakuondoka mpaka faili la mwisho lilipovuka. Alipokataa kulipwa, Crispulo alimfuata hadi mlangoni na mwavuli.

"Shika," alisema. "Utaurudisha ukipita."

Teodorico akaupokea, akaufungua, akatoka. Ndani, mashine ya kudarizi ilikuwa imeshaanza kugonga joho la kwanza.