Mama wa Kinyozi

Tangu azaliwe, mshonaji hakuwahi kuitwa jina lake na baba yake. Aliitwa "mama", kama baba wengi wanavyowadekeza binti zao, na jina lenyewe likabaki la walimu na vyeti. Ndiyo maana kaka yake aliposema kwa simu kwamba mzee hamjui mtu tena, alikuja juu.

"Mimi ananijua! Leo asubuhi kaniita mama."

"Haya, dada. Siku asipokujua, nakuja kumchukua."

Na kaka huyo akisema amesema. Alikaa mbali, safari ya kutwa nzima. Mzee akienda huko, mshonaji angebaki na cherehani yake na kuta nne, na jambo hilo lilimtia hofu kuliko alivyotaka kukiri.

Basi Jumapili akaazima gari la jirani, akampeleka mzee barabara ya pwani, ile inayopanda majabali huku bahari ikimetameta chini. Mzee, kinyozi mstaafu, alikaa mbele, mikono magotini, akikagua vichwa vya wapita njia.

"Mama, umemwona yule? Aliyemnyoa ana kisasi naye."

Mshonaji alicheka mpaka gari likayumba. Mgonjwa gani anatania hivi? Kaka angekuwepo asikie kwa masikio yake.

Walisimama kwenye kona pana, watu wanapoegesha magari kutazama bahari. Alimmenyea chungwa. Upepo ulipozidi, akamfunga kifungo cha juu cha shati, na mzee akavitazama vidole vya binti yake kwa muda mrefu.

"Mama, baba bado amekasirika?"

"Baba yupi?"

"Mumeo, nani mwingine? Ule mkasi wake nimeupoteza kweli. Usimwambie, tafadhali."

Mshonaji hakuwa na mume. Chungwa lilimponyoka. Miezi yote hiyo ya ugonjwa "mama" ile aliipokea kwa mikono miwili, kumbe haikuwa yake. Ilikuwa ya bibi yake, aliyezikwa yeye bado hajaota meno. Ilimuuma, tena sana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu.

"Simwambii," alisema, akiliokota chungwa mapajani. "Kula chungwa lako."

Mzee alishusha pumzi, akala vipande viwili. Cha tatu hakukimaliza. Alilitazama jua, akaanza kupapasa mlango.

"Mama, turudi. Nimemwacha mtoto nyumbani."

"Mtoto gani?"

"Binti yangu. Mbishi huyo, sijui kamrithi nani! Nisipofika, hali chakula. Atakaa mlangoni na sahani yake mpaka anione."

Ni kweli. Ndivyo alivyokuwa akifanya utotoni, akigombezwa kila jioni, na chakula kikipoa mapajani mpaka baba afunge duka lake la kunyolea.

Simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Enhe, safari vipi? Amekujua?"

Mzee alikwishajifunga mkanda mwenyewe, akimhimiza kwa mkono awashe gari, uso umemjaa wasiwasi. Machozi yalimtoka mshonaji, na hakuyafuta.

"Hakunijua, kaka. Lakini hajanisahau. Usije." Akawasha gari. "Ngoja nimrudishe nyumbani, ananiwahi mimi."